Macho ya Rohoni Yakiingia Ukungu: Dalili, Vyanzo na Cha Kufanya

Wapendwa, kwenye jumuiya na vikundi vya maombi kuna ombi moja lisilokosekana: "Niombeeni Mungu anifungue macho ya rohoni." Ni ombi jema. Paulo aliwaombea Waefeso jambo hilo hilo, macho ya mioyo yao yatiwe nuru. Ila mara nyingi tunaomba bila kusema tunaumwa wapi. Aliyepoteza hamu ya sala, mwenye kinyongo na dada yake, na anayeota ndoto za kutisha kila usiku, wote huombewa ombi moja kwa sauti moja kubwa, kisha hurudi nyumbani kama walivyokuja. Hapa naanza na dalili, kama mgonjwa mwenyewe anavyozisema, ndipo natafuta chanzo.

Kipimo kwanza

Katika Marko 8, Bwana analetewa kipofu kule Bethsaida. Anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, halafu anamuuliza: "Waona kitu?" Yule mtu hakujifanya amepona. Alijibu, "Naona watu kama miti, inakwenda." Akawekewa mikono mara ya pili, ndipo akaona vyote sawasawa.

Kipimo changu ni hicho, na sina kingine. Ndoto ulizoota na mambo ya siri unayoyajua havipimi kitu. Watu unaowaona ni watu, au ni miti inayotembea? Chukua mtu mmoja unayekutana naye kila siku: dada wa kazi, mlinzi wa getini, kijana wa bodaboda pale kijiweni, mama ntilie. Jina lake nani? Wiki hii ana shida gani? Akiongea, unamtazama usoni au unatazama simu? Unaweza kufundisha habari za ulimwengu wa roho saa nzima, lakini kama hujui kwamba dada anayekupikia ana mtoto kijijini anayelelewa na bibi, bado uko kwenye hatua ya kwanza ya Bethsaida. Usikate tamaa. Hata yule kipofu alipita hapo, na Bwana hakumwacha njiani.

"Naona maadui kila kona"

Hii naiweka mbele kwa sababu inavunja nyumba za waamini, na inawavunja huku wakidhani wamekua kiroho. Mauzo yakishuka, kuna mkono wa mtu. Mtoto akifeli, shangazi kamfunga nyota. Mimba ikiharibika, ni mama mkwe. Mwenye dalili hii haamini kabisa kwamba ni mgonjwa. Anaamini anaona kuliko wenzake, na akitokea mtu wa kumshauri, naye anaingia kwenye orodha.

Chanzo, mara nyingi, ni hofu iliyolishwa. Inalishwa na mahubiri yanayomtaja mchawi kuliko yanavyomtaja Kristo, na shuhuda za kuzimu zinazotazamwa kitandani mpaka simu inaisha chaji. Wakati mwingine chanzo ni msiba ambao haukuliliwa ukaisha. Kumchukia jirani kunauma kidogo kuliko kukubali kwamba mtoto amefariki kwa nimonia na hakuna wa kulaumiwa.

Nenda Dothani, 2 Wafalme 6. Mtumishi wa Elisha anaamka alfajiri anakuta mji umezingirwa na jeshi la Shamu. Elisha anaomba: "Ee BWANA, mfumbue macho yake, apate kuona." Angalia alichoonyeshwa. Maadui alikwisha kuwaona kwa macho yake ya kawaida, hawakuhitaji maombi. Macho yalipofumbuliwa aliona mlima umejaa farasi na magari ya moto kumzunguka Elisha pande zote. Wala sura haiishii hapo. Lile jeshi likaongozwa hadi Samaria, mfalme wa Israeli akauliza kama awapige, na Elisha akakataa: wapewe chakula na maji, warudi kwa bwana wao. Wakafanyiwa karamu kubwa. Kwa hiyo macho yaliyofunguliwa na Mungu siku ile yalimpa mtu mmoja ujasiri, na mwisho wa yote maadui wakapewa chakula. Maono yanayokuongezea watu wa kutosalimiana nao hayakutoka Dothani.

Kwetu jambo hili lina damu. Kanda ya Ziwa, huko Shinyanga, Mwanza, Simiyu, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu wana macho mekundu, ikasemekana ni wachawi. Macho yale yaliiva kwa moshi, maana bibi alipikia kuni na samadi kavu tangu akiwa binti. Mtu akamtazama mzee aliyeumizwa na jiko lake mwenyewe, jiko lililolea ukoo mzima, akaona mchawi. Sijui upofu unaouzidi huo.

Cha kufanya: chukua daftari, gawa ukurasa mara tatu. Upande wa kwanza andika uliyoyaona kwa macho yako tu. Wa pili, uliyoambiwa. Wa tatu, unayoyaogopa. Tuseme ni mama mwenye duka la vitenge. Upande wa kwanza ataandika: "Mauzo yamepungua tangu Machi. Jirani alifungua duka Februari. Juzi alinipita bila kunisalimia." Wa pili: "Dada wa maombi kaniambia kuna kitu kimefukiwa mlangoni." Wa tatu: "Naogopa nitashindwa marejesho ya kikoba, na mume wangu hajui nimekopa." Hapo sasa ana kitu cha kumpelekea Bwana. Upande wa tatu ndio wenye sala ya kweli ndani yake, na kabla haujaandikwa ulikuwa umejificha nyuma ya uchawi wa jirani. Baada ya sala afungue daftari la madeni aone ni wateja wangapi wamechukua vitenge bila kulipa, kisha azungumze na mume wake. Na kwa wiki mbili amwombee jirani yule mema, kwa jina lake, amsalimie wa kwanza kila asubuhi.

Sisemi pepo wachafu hawapo. Injili zinawataja, na Bwana aliwatoa kwa neno lake. Lakini tafuta Injili zote nne: hakuna mahali alipomwambia mgonjwa ni jirani yupi aliyemroga.

"Tangu ugomvi ule, sala hazipandi"

Hapa chanzo kimeandikwa wazi kabisa, 1 Yohana 2:11: amchukiaye ndugu yake yu katika giza, "wala hajui aendako, kwa sababu giza imempofusha macho." Ukiwa na dalili hii usihangaike na mfungo wa siku saba kabla hujakumbuka ni nani ambaye jina lake likitajwa unabadilika uso.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili vizuri. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana pale Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Wakakaa na Biblia, wakaomba pamoja. Moto uliowaka baadaye ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na alama yake kubwa ilikuwa kutembea nuruni: mtu anakwenda kwa aliyemkosea, anasema kosa lake kwa jina, na kama aliiba anarudisha. Kuna waliorudisha vitu ambavyo mwenyewe hata hakujua vimeibwa. Askofu Festo Kivengere alitoka katika uamsho huo. Alilazimika kukimbia Uganda mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin, na akatamka hadharani kwamba amemsamehe Amin. Aliendelea kusema waziwazi ubaya wa utawala ule. Hakuhitaji chuki ili auone.

Namna ya kwenda: nenda mwenyewe, usitume ujumbe mrefu kwenye simu. Sema sehemu yako tu. "Nilikusema vibaya kwa mama. Nimekosa, naomba unisamehe." Ukishafika hapo nyamaza. Neno "lakini" likiingia, umeanza ugomvi mpya. Asipokusamehe, umeshatoka gizani upande wako, na yeye mpe muda wake.

Kuna jambo sitaki lieleweke vibaya. Mke anayepigwa haambiwi arudi akasamehe ili macho yake yafunguke. Kuachilia kinyongo ni jambo moja, kurudi kwenye ngumi ni jambo lingine kabisa. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo, na mchungaji anayekuzuia kwenda huko hakuoni.

"Kanisani naona, kazini sioni"

Jumapili machozi, Jumatatu faili la mtu linakaa chini ya mafaili mengine mpaka atoe hela ya soda. Kumbukumbu la Torati 16:19 inasema rushwa hupofusha macho ya wenye akili. Na kweli, ukishaipokea, anayeingia ofisini huoni tena mzee aliyetoka Kishapu na nauli ya kukopa. Unaona elfu ishirini.

Dawa yake iko kwa Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri. Tunapenda kuhubiri jinsi alivyopanda mkuyu ili amwone Yesu, tunapita haraka pale alipoanza kuwaona watu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Ili urudishe mara nne inabidi umkumbuke uliyemdhulumu, ni nani na kiasi gani. Anza na mmoja unayemkumbuka.

"Nangoja ishara"

Huyu anataka kujua kama aolewe na fulani, ahamie Dodoma, aache kazi. Anazunguka kwa watumishi wanne, na kila mmoja ana neno lake. Chanzo ni kutaka kujua ya kesho ili asilazimike kumwamini Mungu leo. Naelewa. Kuamua kunatisha, hasa ukiwa umewahi kuumia. Lakini kiu hiyo ina wanaoiuzia maji.

Paulo hakutukataza unabii. Alisema tusiutweze, ila tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Basi jaribu. Je, mtumishi huyo anataka sadaka kabla ya neno? Je, neno lake linakutenga na ndugu zako na marafiki, ubaki na yeye tu? Je, anakwambia uache dawa za shinikizo la damu, kisukari au ARV? Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, ondoka, usimalize ibada. Haya si maneno ya kutisha watoto. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Fikiria hilo taratibu: waamini walikuwa wakikimbilia baraka, na chini ya miguu yao kulikuwa na watu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto, na mtoto hachagui kufunga.

Kuhusu uamuzi wenyewe, fanya mambo ya kawaida. Uliza watu wawili wanaomjua mchumba wako tangu zamani, mmoja awe mtu asiyempenda. Muulize mwajiri mshahara unalipwa tarehe ngapi. Sali, lala, kesho yake sali tena. Kisha amua. Mungu anaweza kuongoza mtu anayetembea, hata akikosea njia kidogo.

"Nasoma Biblia, haisemi kitu"

Chanzo kikubwa siku hizi ni kula vipande: mstari mmoja wa leo kwenye simu, umekatwa kutoka kwenye habari yake, na umechaguliwa kwa sababu unafurahisha. Mistari ya hivyo huisha utamu upesi.

Chukua Injili ya Marko. Ina sura 16 tu. Soma kipande kidogo, kisa kimoja, kwa sauti ya kujisikia mwenyewe. Anza na Zaburi 119:18, "Unifumbue macho yangu." Ukimaliza kisa, usikimbilie kuuliza "Mungu ananiambia nini mimi?" Uliza kwanza: nani yuko hapa ambaye sikumwona? Rudia kusoma ukimtafuta. Utakuta kulikuwa na mtoto, au mama mkwe wa Petro mwenye homa, au wale watu wanne waliopanda juu ya nyumba na kutoboa dari kwa ajili ya rafiki yao.

Zoezi hilo si langu, ni la Bwana mwenyewe. Katika Luka 7 yuko mezani kwa Simoni Mfarisayo, anaingia mwanamke mwenye sifa mbaya mjini, analia miguuni pake, anaifuta kwa nywele zake. Simoni anaona dhambi inayotembea, tena anajisemea moyoni kwamba Yesu angekuwa nabii angejua huyu ni wa namna gani. Naye Bwana anamgeukia yule mwanamke, halafu anamuuliza Simoni: "Wamwona mwanamke huyu?" Simoni alikuwa amemtazama muda wote. Swali hilo nimelisoma mara nyingi, na kila mara linanikuta na mtu.

"Mimi sina dalili yoyote"

Hii nayo ni dalili. Laodikia ulikuwa mji tajiri, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Tacitus, mwandishi wa historia wa Kirumi, anasema ulipobomolewa na tetemeko mwaka 60 ulijijenga upya kwa mali yake wenyewe. Na palikuwa na shule ya tiba jirani. Kanisa la watu hao, waliozoea kutohitaji msaada wa mtu, ndilo linaloambiwa katika Ufunuo 3 kwamba ni kipofu, linunue dawa ya macho lijipake lipate kuona.

Ukijiona mzima, waulize wanaoishi na wewe. Muulize mwenzi wako, au mtoto mwenye umri wa kusema kweli: "Kuna jambo gani kwako ambalo silioni?" Kisha usijitetee. Mwenye kipaji cha kuona makosa ya wenzake alihitaji zoezi hili jana. Bwana hakusema kibanzi kwenye jicho la ndugu hakipo. Alisema toa kwanza boriti, ndipo utaona vema kukitoa. Jicho ni kitu laini, na mkono wa mtu asiyeona vizuri unaumiza.

"Ni giza tu, na sina kosa ninaloliona"

Umejichunguza, huna kinyongo, hela za watu hujala, unasali, na bado hakuna kitu. Kabla ya kutafuta dhambi iliyojificha, angalia usingizi na chakula. Eliya, katika 1 Wafalme 19, alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Malaika alimgusa akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule Horebu. Mama anayenyonyesha na kuamka saa kumi alfajiri kuwahi sokoni hajarudi nyuma kiroho. Amechoka. Mpunguzieni kazi.

Giza likiendelea wiki baada ya wiki, hamu ya chakula imepotea, huoni sababu ya kuishi, nenda hospitali. Sonona ni ugonjwa unaotibika, na kumeza dawa yake si kukosa imani, kama vile kuvaa miwani si kukosa imani. Mwambie mtu mmoja leo, usingoje ibada ya Jumapili.

Na kuna giza ambalo halina jina la ugonjwa wala la dhambi. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilichapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, na watu wengi walishtuka. Kwa karibu miaka 50 mama huyu hakuhisi uwepo wa Mungu katika sala zake. Ukavu mtupu. Miaka hiyo hiyo alikuwa akiwaokota waliokuwa wakifa barabarani, akiwaosha vidonda, akiwatazama usoni mmoja mmoja. Mtu aliyesema haoni kitu mbinguni aliona watu ambao mji mzima ulikuwa ukiwaruka.

Kama uko huko, usiongeze kelele kwenye sala zako. Zifanye fupi, Baba Yetu inatosha. Usiache jumuiya, hata kama unakaa kimya wenzako wakiimba. Waache waimbe kwa niaba yako. Na kila wiki uwe na mtu mmoja wa kumtembelea, mgonjwa au mzee asiye na watoto karibu, usiye na sababu nyingine ya kwenda kwake. Mpelekee unga au sabuni. Mwogeshe miguu kama anahitaji, mkatie kucha, msikilize hadithi aliyokusimulia wiki iliyopita.